Kuomba ruzuku ukiwa Kigoma, tuliyoyaona sisi

Watu wakisikia shirika letu dogo limepata ruzuku swali la kwanza huwa moja tu, nani kawaandikia andiko la kuombea hela? Wanaamini kuna mtaalamu mahali, Dar au Dodoma, ukimrushia laki kadhaa kwa simu anakutumia pidiefu halafu hela inafuata nyuma. Wapo kweli hao, wanajitangaza mpaka kwenye magrupu ya wasapu, wengine wanataka asilimia hela ikishatoka, na hiyo asilimia sijui wanategemea uiandike kwenye mstari gani wa bajeti. Mie nimekaa kwenye hizi kazi hapa Kigoma, nimeomba, nimenyimwa, nimepata, baadae nikaitwa kukaa upande wa pili kusoma maombi ya wenzangu, na pande zote mbili nimeona kitu kile kile, andiko linakuja mwishoni kabisa. Mnaipata au mnaikosa ruzuku kwenye vile vitu mnavyoandika mwaka mzima wakati hakuna mfadhili hata mmoja anayewaangalia, daftari la mahudhurio, muhtasari wa kikao, nani kaweka hisa ngapi, nani kakopa na karudisha lini.

Sisi kazi yetu ni na akina mama wanaoanika dagaa, mwalo wa Kibirizi na kule Katonga. Kwa ambaye hajafika huku, dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, alfajiri mitumbwi inaingia, akina mama wananunua kwa ndoo na kwenda kuanika. Anayeanika chini mchangani dagaa wake wanakuwa na mchanga, mnunuzi akitafuna mmoja tu anashusha bei hapo hapo, anayeanika kwenye kichanja, ile meza ndefu ya mbao yenye wavu juu, upepo unapita juu na chini, dagaa wanakauka safi na bei inakuwa nyingine. Basi mradi wenyewe ndo huo, vichanja, maturubai ya kufunikia mvua ikija, mafunzo ya usafi na ufungashaji, na kikundi cha hisa ili mama mtaji ukikata asikimbilie kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Mradi mdogo, hauna maneno makubwa, na hilo nitalirudia maana maneno makubwa ndo yanaua maombi mengi ya huku kwetu.

Kabla ya yote karatasi. Najua inachosha lakini hapa ndo wengi wanaondolewa kabla hata ukurasa wa kwanza haujasomwa. Kikundi cha kijamii kinasajiliwa halmashauri, NGO inasajiliwa kwa Msajili wa NGOs chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na tangu yale marekebisho ya 2019 cheti cha NGO kinaishi miaka 10 halafu unahuisha, sio kile cha zamani ambacho watu walikitundika ukutani wakasahau. Pia kuna ada ya mwaka na ripoti ya mwaka. Sasa mfuko ukitangaza ruzuku wanaandika kabisa, tunataka NGO, au tunapokea na vikundi, na wewe kama ni kikundi usilazimishe, tafuta NGO yenye cheti mwombe pamoja, wao wabebe mkataba nyie mfanye kazi, ila makubaliano ya nani anashika hela muyaandike na kuyasaini kabla ya kutuma, sio baada ya kupata. Nimeona marafiki wa kanisa moja wamenuniana mpaka leo kwa hilo.

Karatasi nyingine ni hesabu zilizokaguliwa. Shirika changa halina hela ya mkaguzi, hilo linajulikana, na mifuko mingine inakubali taarifa ya benki na hesabu zilizopitishwa na bodi kama kiasi unachoomba ni kidogo. Wengine hawakubali. Sasa ukisubiri tangazo litoke ndo umtafute mkaguzi mwenye usajili wa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, umechelewa, maana tangazo lenyewe mara nyingi linatoa wiki chache tu, na mkaguzi naye akija atakuuliza risiti za mwaka jana ziko wapi. Unaona sasa tunarudi kule kule kwenye daftari.

Halafu kuna watu wanachanganya ruzuku na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayoenda kwa vikundi. Ile ni mkopo jamani, hauna riba ila unarudishwa, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya wenye ulemavu, ulisimamishwa 2023 ukarejeshwa 2024. Nimekaa kwenye kikao Ujiji mama mmoja akasema ruzuku ya halmashauri hatujaimaliza, kumbe anazungumzia deni.

Kuhusu nani wa kumwomba, nchi hii ina mifuko yake, sio lazima uwaze Ulaya kila siku. Foundation for Civil Society wako Dar wanatoa ruzuku kwa asasi za kiraia, Women Fund Tanzania wako kwa ajili ya vikundi na mashirika ya wanawake, halafu mabenki na kampuni za simu nazo zina foundation zao. Hawa hawafanani. Foundation za makampuni kwa ujumla zinapenda kitu kinachoonekana na kupigika picha, madawati, vifaa, mashine, kitu chenye makabidhiano, na sio vibaya, vichanja vinapigika picha vizuri sana jua likiwaka. Mifuko ya asasi za kiraia yenyewe inataka kujua watu wamebadilika nini, nani sasa anasema kwenye kikao ambaye zamani alikuwa kimya. Kazi ni ile ile, akina mama wale wale, ila ukituma andiko lile lile kote bila kugusa umewapotezea muda wao na wako.

Nije kwenye jambo ambalo kwangu mie ndo lilitubeba. Ule mfuko wa kwanza uliotukubalia, kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya mpango kazi, mwezi wa kwanza nini mwezi wa pili nini. Kila mtu anajaza tu, mafunzo Januari, ufuatiliaji Machi. Katibu wetu, ambaye mume wake ni mvuvi, akasema hapana, hizi tarehe tuzipange kwa mwezi wa angani. Maana dagaa wa taa wanavuliwa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa taa haifanyi kazi, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, na akina mama wa kuanika nao wako nyumbani. Ukiitisha mafunzo wakati wa giza utapata watu watano na wote wanapiga miayo, ukiitisha mbalamwezi ukumbi unajaa. Na tulikuwa na ushahidi, daftari la mahudhurio la vikao vya hisa la mwaka mzima, ukiweka tarehe pembeni ya kalenda unaona kabisa mahudhurio yanapanda na kushuka na mwezi. Tukaweka hiyo. Tukaandika pia kwamba kuanzia kama Novemba mpaka Aprili mvua inasumbua uanikaji kwa hiyo maturubai yanunuliwe kabla, sio katikati. Baadae afisa miradi wa mfuko ule alituambia kwenye kikao chao watu walibishana maombi mengine yote ila letu sehemu ya mpango kazi ndo iliyowafanya wakubali kuja kututembelea, maana ilionekana imeandikwa na mtu anayeishi hapo.

Hilo hakuna mtaalamu wa Dar angeliandika, hata kama ana digrii mbili.

Na kalenda ile ile ndo ilituokoa 2024 serikali ilipofunga shughuli za uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu hakuna dagaa, na sisi kwenye mkataba tuna lengo la mauzo. Tulichofanya, taarifa za kufungwa zilipoanza kusikika tu tukaandika barua, tukaomba shughuli za mauzo zisogezwe mbele na miezi ile tufanye ukarabati wa vichanja na mafunzo ya kutunza kumbukumbu. Wakajibu sawa. Wenzetu wa shirika jingine walinyamaza wakaja kueleza kwenye ripoti ya mwisho kwamba lengo halikufikiwa kwa sababu ziwa lilifungwa, sababu ni ya kweli kabisa, ila mfadhili aliisikia kama kisingizio kwa vile imekuja imechelewa. Mfadhili anavumilia habari mbaya ikimfikia mapema, ikimkuta kwenye ripoti anajiuliza na kingine mlichomficha ni nini.

Bajeti sasa. Hapa Kigoma ukiandika bajeti kama ya mtu wa Dar inakugeuka. Kigoma ni mwisho wa reli, mbao tunazo ila wavu mzuri na maturubai vinatoka mbali, usafiri unaingia kwenye bei. Vijiji vya mwambao wa kusini unaenda kwa boti, na ile boti haina risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bodaboda hana, mama ntilie aliyepikia semina hana. Ukisubiri mpaka mwisho wa robo ndo uwaze risiti utamaliza usiku mzima unaumba karatasi na hapo ndo watu wanaingia kwenye dhambi ya kughushi bila hata kuiba shilingi. Sisi swali la kwanza kabisa tulilomuuliza mfadhili kabla ya kusaini lilikuwa hilo, nauli ya boti tutaithibitishaje? Wakatupa fomu, jina, namba ya simu, kiasi, saini, na mtendaji wa kijiji anagonga muhuri kwamba kweli hawa walifika tarehe fulani. Rahisi hivo. Lakini ni rahisi kwa sababu iliulizwa mwanzo.

Na msiogope kuandika mshahara wa mhasibu. Kuna ugonjwa wa mashirika madogo kujifanya malaika, wanaandika bajeti yote ni ya akina mama, utawala sifuri, wakidhani mfadhili atafurahi. Nilipokaa upande wa kusoma maombi ndo niliona hiyo inavyopokelewa, mtu anauliza, sasa nani atatunza hizi hesabu? Anakula nini? Mifuko mingi inaweka kikomo cha gharama za uendeshaji, kisome, ukae ndani yake, ila uiandike.

Huko kusoma maombi kwenyewe kulinifungua macho. Mfuko mmoja ulitafuta watu wa mikoani wenye uzoefu, tukakaa chumbani na mafaili, chai ya kwanza mpaka jioni. Ukisoma maombi mengi mfululizo unaanza kusikia sauti moja, jamii itahamasishwa, wadau watashirikishwa, uelewa utaongezeka, na hujui ni Kakonko au ni Lindi. Kuna moja lilikuwa linaomba kwa ajili ya wilaya ya huku kwetu, ukurasa wa nne likasema wakulima wa korosho. Korosho, Kasulu! Tulicheka kisha tukaliweka pembeni, na inawezekana kabisa hao watu walikuwa wanafanya kazi nzuri huko waliko.

Lililopata alama za juu siku ile lilikuwa la kikundi cha wafuga nyuki upande wa Tabora. Kiswahili cha kawaida kabisa, na makosa ya herufi humo. Ila walibandika jedwali la mizinga yao, ipi ina nyuki, ipi imehamwa, wamerina kilo ngapi msimu gani, wakauzia nani kwa bei gani, na pembeni mtu kaandika kwa kalamu mzinga fulani uliungua moto wa msituni. Yaani hawakuwa wameandika tatizo popote kama tatizo, lilikuwa linaonekana lenyewe, asali wanayo ila wanauza yote wiki ile ile ya kurina kwa vile hawana vyombo vya kuhifadhia, kwa hiyo wanaomba ndoo zenye mfuniko na stoo. Hakuna aliyebisha mle chumbani. Mtu mmoja akauliza je wana mfumo wa ufuatiliaji na tathmini, mwenyekiti akamwonyesha lile jedwali tu.

Kutembelewa nako kuna mambo yake. Wengi wakisikia mfadhili anakuja wanapiga rangi ofisi, wanashona sare, wanamfundisha mama aseme nini. Alipokuja kijana wa ule mfuko kwetu tulimpeleka Kibirizi asubuhi, dagaa ndo wanaanikwa, harufu na inzi vyote vipo, akamkuta mama mmoja mtu mzima anageuza dagaa kwenye kichanja cha kwake alichokijenga kwa miti kabla hata mradi haujazaliwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu, usikanyage hapo."

Akamuuliza, mama, hii hela isipokuja mtafanyaje? Mie moyo ulinienda mbio maana hilo swali hatukulipanga. Yule mama wala hakuacha kugeuza. Akasema mwanangu, dagaa hawamngoji mfadhili, tutaendelea na hivi vitatu tulivyonavyo, tukipata faida tunaongeza cha nne, ila tutachelewa. Kisha akatoa kidaftari chake kwenye kitenge, kimeloa mafuta ya mawese pembeni, kaandika ndoo alizonunua na alizouza, akamwambia soma mwenyewe miwani yangu imevunjika. Kijana akapiga picha kile kidaftari kurasa zote. Baadae kwenye barua ya kukubaliwa walitaja hilo, kwamba wanufaika wana kumbukumbu zao wenyewe. Sisi ofisini tulikuwa tumeandaa slaidi, hazikufunguliwa.

Kunyimwa pia ni sehemu ya kazi na kuna namna ya kunyimwa. Imeli ya kukataliwa ikija usiifute, jibu, shukuru, uliza mambo mawili tu, tulipungua wapi na je tunaweza kuomba awamu ijayo. Wengi hawajibu lakini anayejibu anakupa kitu. Kuna mfuko ulitunyima, dada mmoja akanipigia kabisa, akasema andiko zuri ila bodi yenu watu watatu wana ubini mmoja, sasa wenzangu hapa wanauliza kama ni shirika au ukoo. Ni kweli walikuwa ndugu, na ni watu wazuri, lakini ukisoma kutoka mbali utaona nini? Mkutano mkuu uliofuata wawili wakapisha wenyewe bila ugomvi, tukaingiza mwalimu mstaafu na mama mmoja wa mwaloni. Ombi lililofuata kwenye mfuko ule ule likapita.

Kuna kishawishi cha mkoa wetu pia niseme. Kigoma kwenye macho ya wafadhili ni wakimbizi, kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo tangu 1996, na hela kubwa kubwa za mkoa huu zimekuwa zikielekea huko, kwa haki kabisa maana watu wana shida. Sasa kila mwaka kuna rafiki atakushauri, chomekeni wakimbizi kwenye andiko mtapata haraka. Sisi tuko ziwani, hatuna mtu Kasulu, hatujawahi kuendesha hata kikao kimoja kambini na kule huingii bila kibali. Tungepata halafu? Tukaacha dagaa tukahamia tusikokujua? Kuna mashirika yameisha hivo, kila tangazo likitoka linabadilisha kazi, mwaka huu ukimwi, mwaka kesho nyuki, mwaka unaofuata tabianchi, ukienda kijijini kwao ukauliza wanafanya nini hakuna anayejua.

Ukishapata, soma mkataba wote, na mhasibu asome. Kwa kanuni zilizotoka 2018, ruzuku ikizidi shilingi milioni 20 mkataba unatakiwa ufikishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 baada ya kusaini, na unatakiwa uweke wazi kwa umma hela umepata kiasi gani na ya kazi gani. Watu wanaona usumbufu, mie nimekuja kuipenda hiyo ya kuweka wazi. Sisi tunabandika kiasi na matumizi kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na pale mwaloni, kwa Kiswahili, mbao kiasi gani, wavu kiasi gani, posho kiasi gani. Mwanzoni yalizuka maneno, kwa nini fundi kalipwa hivi. Ilibidi fundi mwenyewe aje aeleze, akaeleza, na mtu mmoja akajitokeza akasema mie nafanya kwa bei ndogo, raundi ya pili tukampa yeye, kazi yake ikawa nzuri zaidi.

Na barua ya utambulisho ya afisa maendeleo ya jamii, tafadhali msiende kuiomba siku ya mwisho. Anasafiri, yuko semina, mhuri uko kwenye droo iliyofungwa. Sisi tunampelekea ripoti yetu fupi kila robo hata kama hajaomba, kwa hiyo tukija kuomba barua haanzi kuuliza nyie ni nani. Halafu kutuma kwenye mfumo, zamani tulikuwa tunateseka na umeme wa majenereta, siku hizi afadhali, ila bado mtandao ukiamua kugoma unagoma, na mfumo wao dakika za mwisho unakuwa mzito kwa vile nchi nzima inapandisha viambatanisho kwa wakati mmoja. Tumeni siku mbili kabla, msichelewe zaidi ya hapo.

Saa hizi kuna tangazo mbili mezani. Moja tumeliacha, linataka shirika lichangie robo ya bajeti kwa hela taslimu na sisi hiyo hela hatuna, vibarua vya akina mama hawakubali kuvihesabu. La pili tunaandika, la chumba cha kukaushia chenye nailoni juu kwa ajili ya masika. Katibu keshaweka tarehe zake za mbalamwezi, tulipokwama ni mhasibu na fundi wanabishana bei ya mbao, mhasibu anataka nukuu tatu za bei zenye mihuri na fundi anasema pale Mwanga, hapa hapa mjini, wauza mbao anaowajua yeye ni wawili tu.